Maji ya Mama Bukwe

Jumatatu, 7 Julai
Baridi. Nimeamka nimechoka kama jana. Chai uani, peke yangu, koti begani.

Mama bukwe amemwagilia tena. Kaktusi iko dirishani saluni, chumba cha kupokelea wageni, sahani ya chini imejaa maji hadi ukingoni. Miezi hii ya baridi haitakiwi kuonja hata tone. Marehemu mke wangu Georgette aliinyima maji tangu Mei mpaka mvua ya kwanza, na ilimpenda hivyo hivyo.

Wiki ya tatu sasa tangu mama yake atoke Pweto kuja kungoja daktari wa macho. Haoni vizuri lakini hakubali kukaa bure. Anafagia, anachambua mboga, ananywesha kila kilicho ndani ya chungu. Nani wa kumkataza? Mimi, mkwe? Kwetu mkwe hakai chumba kimoja na mama bukwe, yaani mama wa mkewe, hamtazami usoni, na kumkosoa ndiyo kabisa. Ndiyo maana mwenye nyumba anakunywa chai uani.

Jumatano, 9 Julai
Nimemtuma binti yangu Nadine akaseme na bibi yake. Amerudi na jibu la kambo, ndivyo anavyomwita bibi: "Kambo anasema iko na kiu. Anasema bamiiba yake iko nachoma juu ya kukauka."

Mchana nimehamishia chungu chumbani kwangu, asikoweza kuingia. Hakuna jua huko, lakini afadhali. Jioni Nadine, macho chini: kambo ameuliza kama baba amemnyang'anya mtoto wake mara ya pili.

Nimeirudisha dirishani. Sikula.

Jumamosi, 12 Julai
Alipokwenda kuoga nimeingia haraka kama mwizi. Nimebonyeza shina karibu na udongo. Laini kama papai lililoiva kupita kiasi. Rangi ya kahawia, na harufu. Imeanza kuoza.

Dawa ni moja: kukata juu ya palipooza, kipande kizima kikauke, kisha kipandwe upya kwenye mchanga. Mapema, kabla uozo haujapanda. Lakini yeye anakaa pale pale kutwa, anaota jua. Nimesimama mlangoni kwa muda. Nimeondoka kwenda kutengeneza mpini wa jembe ambao haukuwa umeharibika.

Georgette aliileta ikiwa kipande cha urefu wa kidole, kimefungwa ndani ya gazeti, kutoka kwa rafiki yake wa Naviundu. Miaka kumi na moja. Sasa inanifika kifuani. Nguo zake zilikwenda kwa ndugu zake baada ya kilio, ndiyo desturi. Kilichobaki ni hii. Ikifa sina kitu chake.

Jumanne, 15 Julai
Uozo umepanda vidole vinne. Sijafanya lolote. Nimechoka na heshima.

Jumatano, 16 Julai
Nimeingia.

Kisu nilikipangusa kwa alkoli. Niliongea nikitazama ukuta: "Mama, iko naoza. Ni maji."  Akanyanyuka, akavua kitenge cha begani, akakizungusha kwenye shina, akashika kwa mikono miwili. Miiba ilipita nguo, nikaona damu kidoleni mwake. Hakuachia.

Nikakata. Katikati kahawia. Nikakata juu zaidi. Bado doa. Mara ya tatu nyama ikatoka safi, nyeupe yenye kijani kidogo. Imebaki urefu wa mkono, kiwiko hadi vidole. Mengine yote nimeyatupa nyuma ya choo.

Akauliza imeanza lini. Nikasema niliijua tangu Jumamosi, na maji niliyaona tangu siku ya kwanza.

"Juu ya nini haukuniambia?"

Nikainama kuokota miiba sakafuni.

"Na ugonjwa ya Georgette, Baba Nadine? Ulininyamazia vile vile?"

Wiki sita mke wangu alilala hospitali, na mimi nilingoja mtu mwingine ampigie mama yake simu, kwa sababu mkwe haanzi maneno na mama bukwe. Shemeji, ndugu wa Georgette, alidhani nimempigia. Nilidhani shemeji amempigia. Mama bukwe alifika tumeshazika.

Nikasema ndiyo. Nikaenda kuosha kisu.

Alhamisi, 17 Julai
Hakutoka chumbani. Nadine amempelekea sahani ya bukari, ugali wetu, imerudi nzima. Namlaumu nani? Mimi tu.

Ijumaa, 25 Julai
Kipande kimelala juu ya gazeti, mbali na jua kali. Kidonda kimefunga, kigumu ukikigusa. Mchanga uko tayari lakini nitangoja wiki nyingine. Kitoe mizizi, kisitoe, tutajua mvua zikianza.

Asubuhi nimepeleka chai yangu saluni. Alikuwa kwenye kiti chake. Hakushangaa, au hakuonyesha. Nimevuta kiti kingine nikakaa mbele yake, na nimemtazama usoni. Ana pua ya Georgette. Sikuwa nikijua.

Nikaanza kumsimulia tangu homa ya kwanza ya Georgette, ile tuliyodhani ni malaria.