Tangi Lililong'arishwa

Lae, 3 Juni

Baba mpenzi,

Na jibu la lile swali uliloniuliza mguu wako mmoja ukiwa tayari ndani ya boti ni ndiyo. Ndiyo, ndiyo, ndiyo! Injini ilikuzuia kusikia, basi nakujibu kwa kalamu: nina furaha mpaka najishangaa.

Hamjambo huko Finschhafen? Goti la Mama limepoa? Sisi huku wazima, ila mvua haituachii hata nafasi ya kuanika.

Hii ni wiki ya tatu ya ndoa. Epafras akirudi safari hupiga honi mara mbili pale konani, na moyo wangu unamtangulia mlangoni. Juzi kaniletea stroberi kutoka Goroka, kazibeba ndani ya kofia yake njia nzima. Shangazi zake wananifundisha adabu za ukoo wao: nisipite mbele ya baba mkwe, nisitaje jina lake wala neno lolote linalofanana nalo, na wamenipa neno la kutumia badala yake. Kwa hiyo nguo nazing'arisha, vyombo naving'arisha, hata mtoto wa jirani namng'arisha masikio. Wifi zangu wanacheka, lakini nimezoea.

Sasa kazi. Mzee Tongi, bosi wangu wa kiwanda cha sabuni, kanishika pabaya. Tunaanza kupeleka ile soda kali ya maji, ya kupikia sabuni, kutoka bandarini hapa mpaka kiwanda kipya Goroka. Kasema, "Baba yako ameendesha malori ya tangi miaka ishirini. Wewe ndiye utakayechagua kampuni." Mimi! Ziko mbili. Moja ina magari mekundu, mazuri, yanang'aa kama pete, na ndiyo anayoendeshea Epafras. Nyingine ina magari ya buluu yenye tope kama nguruwe waliotoka shambani. Mzigo wa kwanza ni tarehe moja Julai. Nikichagua wekundu, dereva atakuwa mume wangu.

Niambie niulize nini. Sitaki kuchagua kwa macho ya mapenzi.

Mwanao akupendaye,
Metai

* * *

Finschhafen, 9 Juni

Metai mwanangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Goti la Mama yako linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Magimbi yamekubali mwaka huu.

Sikiliza. Rangi ya gari haibebi mzigo. Uliza: tangi hili lilibeba nini mara ya mwisho? Limeoshwa lini, na nani, na karatasi ya kuoshwa iko wapi? Kisha tazama vali na mipira ya kuzibia, kama haijapasuka. Dereva hulala saa ngapi njiani?

Zaidi ya yote hilo la kuosha. Soda kali ikikuta tindikali ndani ya tangi, vinapigana. Vinachemka, vinaruka hadi machoni. Rafiki yangu Hesi alikuwa amesimama juu ya kifuniko. Tangu siku hiyo anashikwa mkono kwenda kanisani. Tangi lisilooshwa, usimruhusu mtu yeyote alipande, awe mume wako au wa jirani.

Baba yako

* * *

Lae, 17 Juni

Baba mpenzi,

Hamjambo? Sisi wazima. Epafras anakohoa kidogo, nimempaka mafuta kifuani mpaka kanuka kama duka la dawa.

Nimefanya kila ulilosema! Nimepiga chapa fomu nzuri yenye maswali yako yote. Tangi la wekundu lilibeba tindikali ya mgodini. Nilishtuka, nikampigia meneja wao. "Je, limeng'arishwa?"

"Dada, limeng'arishwa mpaka utajiona uso."

"Na nani?"

"Na dereva mwenyewe! Tela tumelipokea juzi, na Epafras kalishughulikia siku nzima."

Baba, nililia kwa fahari. Siku nzima, mume wangu!

Wale wa buluu walinichanganya kabisa. Mzee wao alikuja na matope yake hadi mezani kwangu. Nikamwuliza swali lilelile. Akasema, "Kung'arisha? Mama, hebu tazama dirishani. Hilo gari limewahi kung'arishwa? Sisi tuna karatasi ya..." halafu akatamka neno ambalo siwezi kuliandika hapa. Nikageuza uso. Karatasi yenyewe ilikuwa na neno hilo juu kabisa, kwa herufi kubwa, basi nikaifunika kifudifudi ndani ya droo.

Nimewachagua wekundu. Mzee Tongi ametia sahihi. Lakini kwa nini sina raha? Nimechanganyikiwa, na sijui na nini.

Mwanao,
Metai

* * *

Finschhafen, 22 Juni

Metai,

Hatujambo. Nimesoma barua yako mara tatu na mimi ndiye sasa niliyechanganyikiwa. Nani alikuuliza habari za kung'arisha? Nimekuuliza ndani, unanijibu nje! Mapenzi yamekuziba masikio? Na neno gani hilo chafu alilolitamka mzee wa watu?

Nimeacha kalamu hapo, nikala, nikaendelea kulalamika. Mama yako akaniuliza, "Mkwe wake anaitwa nani?" Nikamjibu, Yohanes, si mchungaji alilisoma siku ya harusi? Akasema, "Hilo ni la kanisani. Kwao wanamwita nani?"

Mwanangu, gimbi lilinikwama kooni. Wasim! Huyo mzee ni Wasim, na kwa Kipisini, lugha yetu ya sokoni, hilo ndilo neno la kuosha. Umeolewa na mwana wa Osha, ukaajiriwa na kiwanda cha sabuni!

Basi mimi naliandika: KUOSHA. Tangi HALIJAOSHWA. Meneja alijibu ulichouliza: bati ndilo lililong'arishwa. Tindikali bado imo tumboni. Mpe Mzee Tongi barua hii, alitamke yeye. Ile karatasi ya droo ndiyo niliyokutuma. Adabu ya ukoo ni nzuri, lakini haina macho ya kumrudishia mtu.

Namkabidhi nahodha wa boti leo hii. Nimemwambia aitie mkononi mwako, si kwa mtu mwingine.

Baba

* * *

Finschhafen, 4 Julai

Metai,

Boti mbili zimekuja bila barua yako. Nimeambiwa nahodha wangu alizuiwa na mawimbi siku nane. Jana redio ilisema lori limepinduka mlima Kassam, njia ya Goroka. Sikusikia lilibeba nini. Sikusikia rangi. Mama yako hali chakula.

Andika neno moja tu.

Baba

* * *

Lae, 8 Julai

Baba, Mama,

Yuko mzima! Naanza na hilo, salamu zitafuata. La redio lilikuwa lori la viazi vitamu, na dereva wake alitoka anatembea.

Barua yako nilipewa tarehe moja asubuhi, mlangoni mwa kiwanda. Mzee Tongi hakuwapo. Nikakimbia bandarini na kandambili moja. Mpira wa kujazia ulikuwa umeshaunganishwa na tangi, na Epafras wangu kasimama juu ya tangi linalong'aa, kanipungia mkono! Nikapiga kelele, "Usijaze! Hali... halija..." Neno likagoma. "Halijang'arishwa ndani!"

Akacheka. "Mke wangu, ndani nani atatazama? Fomu yako mwenyewe imesema liko sawa!"

Mtu wa bandari akashika mkono wa vali. Baba, sikuwaza. Nikaliita lile jina. La mkwe. Mara tatu, kwa sauti ya kuitia boti.

Bandari nzima ikanigeukia. Kisha mtu akasema, "Weee! Bibi harusi kamtaja mkwe!" Na mwingine, "Leo kuna kuku atakufa!" Epafras akashuka mbio, uso umempauka. "Baba amekufa? Baba yuko wapi?" Alivyokanyaga chini nikamng'ang'ania miguu nisimwachie. Mtu wa bandari akaisoma barua yako, akafunga vali, akachovya karatasi ya kupimia ndani ya tangi. Ikatoka nyekundu. Tindikali ilifika kifundo cha mguu.

Mzigo umekwenda na wale wenye matope. Mzee Tongi alilia alipoiona ile karatasi ya droo.

Epafras hakusema nami siku mbili. Mimi sikujua kama ananichukia au anaogopa. Hata sasa sijui vizuri mimi ni bibi harusi mbaya au mzuri. Asubuhi najiona hivi, jioni vile. Siku ya tatu alipiga honi mara mbili pale konani, na kwa kuwa alikuwa na miguu tu bila gari, aliipiga kwa mdomo. Nimempenda upya, Baba, mpaka naona haya kuandika.

Mkwe alikuja mwenyewe. Nilijificha nyuma ya mlango. Nikamsikia akimwambia Epafras, "Miaka sitini na mbili naitwa hivyo, na huyu ndiye wa kwanza aliyelitumia jina hilo kwa kazi yake." Kisha akaomba kalamu, na swali la pili la fomu yangu kaliandika upya kwa mkono wake, kwa neno lenyewe. Mimi nalionyesha kwa kidole tu.

Shangazi hawajalainika. Radhi lazima iwe jogoo kutoka nyumbani kwa baba wa bibi harusi. Mchague wewe, Baba, na usimchague kwa manyoya. Tunakuja kumchukua, mimi na Epafras na mkwe mwenyewe, kabla mwezi huu haujaisha.

Mwanenu,
Metai