Mama Dorca na Sauti ya Pasta

Rahab, acha unachofanya usome hii. Mama mkwe wangu leo ataniua na aibu!

Unajua vile Mama Dorca alihama kanisa lake la miaka arobaini juu ya yule pasta mpya wa kule Mamboleo. Pasta akifungua mdomo tu, Mama analia. Ati ni Roho. Akabatizwa upya, ziwani, na baridi yote ile!

Sasa leo pasta amekuja kunywa chai. Mama akamuuliza, "Mtumishi, ulianza kuhubiri lini?"

"Juzi tu, Mama. Miaka ya themanini nilikuwa redioni, nikisoma matangazo ya vifo."

Matangazo ya VIFO, Rahab!

Mama akaweka kikombe chini. "Mzee Oduor wa Asembo Bay, mwaka wa themanini na saba. Ni wewe ulimsoma?"

"Nilisoma wengi, Mama."

Huyo alikuwa babake Mama. Hivyo ndivyo alivyojua amekufa: kwa redio, akianika omena, wale dagaa wa ziwani.

Nikajua sasa Mama anarudi kanisa lake la zamani.

Kisha pasta akasema, polepole, kwa sauti ile ile ya redio, "Naomba sukari."

Machozi hayo! Mama akajifuta na leso, akanigeukia. "Umeona, Gakenia? Hata kwa sukari Roho anashuka!"