Wameniambia Maziwa Yangu ni Chai

Jumanne. Jua kali, na mimi nimekasirika.

Nasema mapema ili mtu asitegemee maneno matamu. Shule niliishia darasa la nne, lakini mtaa mzima wa Mchafukoge unanijua. Nimebeba magunia Kariakoo kwa mgongo huu mpaka nikawa na duka langu la vitenge. Nimekulia Kilimanjaro, kwenye mtindi. Misuli hii ni ya maziwa.

Leo wamenitukana.

Ilianza Jumamosi. Kufuli ya duka iko chini, lazima uchuchumae ndio uifungue. Nikachuchumaa. Kunyanyuka, miguu ikagoma. Mwanangu Elisante akanishika kwapani akaninyanyua mbele ya wachukuzi wote, kisha funguo akazitia mfukoni mwake. "Baba, sasa pumzika nyumbani."

Nipumzike, mimi?

Leo mke wake, Neema, kanipeleka zahanati. Nesi, binti mdogo tu, akaniambia nikae na kusimama mara tano bila kushika kiti. Niliishia mbili. Akasema misuli inapungua, nifanye mazoezi, nile dengu, maharage, maziwa.

Dengu! Nikamwambia dengu hazijengi mwanaume, mimi ni mtu wa maziwa, nakunywa kila siku.

"Kiasi gani, babu?"

"Vikombe vinne!"

Neema akacheka mpaka akashika ukuta. "Baba jamani, si chai hiyo?" Akamgeukia nesi. "Maziwa anatia kijiko kimoja, na hapo analalamika yamezidi!"

Nesi naye akacheka. Eti maziwa yanafaa kweli kwa misuli ya mzee, ila lazima yawemo kikombeni. Na dengu nazo zinajenga, mradi nile za kutosha.

Nikatoka nimenuna, nikaenda kwa Jayanti, jirani yangu wa duka la vyombo. Kanizidi miaka mitatu, na nyama hajala toka azaliwe. Nilitaka nione dengu zimemfanya nini. Nikamwambia ajaribu ile ya kiti. Akakunja mikono kifuani, akasimama mara tano, hata kuhema hakuhema.

"Ni dengu au maziwa?" nikamuuliza.

Akafunua chakula chake cha mchana: bakuli la dengu, bakuli la mtindi. "Kwani nimekatazwa kula vyote viwili? Umekuja kula au kugombana, mzee mwenzangu?"

Nilikula. Nakiri hapa tu: zilikuwa tamu.

Nimerudi nyumbani, nimejaribu tena kiti. Mara tatu. Ya nne nilishika meza, lakini hakuna aliyeona.

Nikifikisha tano, Elisante atanirudishia funguo zangu, au atatafuta sababu nyingine?