Faharasa ya Mbayuwayu

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Bendigo, Victoria

Alhamisi, 12 Juni 2025, saa nne na dakika kumi asubuhi. Umande umeganda kwenye nyasi, hakuna upepo.

Mimi ni Glenys Trembath, miaka 54, karani katika ghala la mbegu, mkazi wa Eaglehawk. Tarehe ninazotaja zinatoka kwenye shajara yangu, ambayo nimekuja nayo.

Kwa miaka minne nimekuwa nikikusanya maandishi ya blogu ndogo, zile ambazo mtu huandika mwenyewe bila matangazo na husomwa na watu ishirini au thelathini. Mimi humwandikia mwenye blogu kuomba ruhusa, kisha hutengeneza kitabu cha kielektroniki kwa ajili ya wanaopenda kusoma kwenye kisomaji, kile kifaa cha kusomea vitabu, badala ya simu. Wasomaji wangu ni 37. Hawalipi.

Mnamo tarehe 2 Machi nilimwandikia mwanamke anayejiita Mbayuwayu. Kila andiko lake huanza na tarehe na hali ya hewa ya asubuhi, na huishia na saa aliyopata usingizi. Tovuti yake huonyesha maandiko kumi tu ya karibuni; ya zamani huyafuta. Mimi nilikuwa nimehifadhi 212. Alijibu baada ya siku tisa kwamba niyatumie, mradi lisionekane jina wala mahali. Aliandika: "Kuna mtu niliyewahi kuishi naye ambaye sitaki ajue niliko."

Niliyasoma yote mara mbili na kuondoa majina matatu ya mahali. Kisha nikatengeneza faharasa, kama nifanyavyo kwa kila kitabu: kengele ya kivuko, duka la mikate linalofungwa Jumatatu, kanisa la rangi ya kijani, king'ora cha kiwanda cha samaki, kila kimoja na tarehe zake. Sikuona kosa. Niliona kazi safi.

Kitabu nilikituma tarehe 17 Mei. Kilikuwa na waandishi sita. Tarehe 20 niliandikiwa na msomaji aitwaye Lachlan Weir, aliyejiunga wiki moja baada ya mimi kutangaza kitabu hicho. Alisema: "Dada, faharasa yako nimeitumia zaidi kuliko kitabu chenyewe." Nilifurahi. Nimeandika kwenye shajara kwamba nilifurahi.

Tarehe 23 aliuliza kama kengele ya kivuko husikika kabla ya mikate kutoka au baadaye. Nilimjibu kwamba ni kabla, na nikampa tarehe tano. Tarehe 29 aliuliza kama mwanamke huyo bado anaandika. Hapo nilianza kujiuliza kwa nini hajawahi kuuliza lolote kuhusu wale watano wengine. Sikumjibu. Wala sikumwambia mtu.

Jumapili tarehe 8 Juni, saa kumi jioni, jirani yangu Desmond Hocking, miaka 70, ambaye pia ni msomaji wangu, alikuja kunywa chai. Hunitania kila mara kwamba ningeweza kuandikia faharasa hata orodha ya sokoni. Siku hiyo aliweka kisomaji chake mezani na kusema, "Nimejua huyu ndege wako anakaa wapi."

Nilimwambia haiwezekani.

"Dakika ishirini tu, Glen. Ratiba ya kivuko na ile faharasa yako." Akataja kijiji kimoja katika kisiwa cha Tasmania. Alikuwa akicheka. Kisha akaacha. "Usinitazame hivyo, mama. Alama zote umeziweka mwenyewe."

Jina la kijiji nimempa afisa kwenye karatasi ya pembeni. Sitaki liandikwe hapa.

Jioni hiyo nilimwandikia Mbayuwayu kumwonya. Hakujibu. Niliwaandikia pia wasomaji wote wafute kitabu, maana kikishaingia kwenye kisomaji cha mtu mimi siwezi kukitoa. Watu 36 walijibu kwamba wamefuta. Bwana Weir hakujibu.

Tarehe 9 Juni Mbayuwayu aliandika kwamba asubuhi kulikuwa na ukungu, na kwamba gari jeupe lenye namba za usajili za jimbo letu la Victoria lilikuwa limepita mara mbili mbele ya lango lake. Andiko halikuwa na saa ya kulala. Ni la kwanza kukosa saa hiyo tangu nianze kumsoma. Tarehe 10 na 11 hakuna andiko.

Sina ushahidi kwamba Bwana Weir ndiye yule mtu ambaye Mbayuwayu aliwahi kuishi naye. Nimeleta barua pepe zake zote, na majibu yangu pia.

Hayo ndiyo niliyoyajua na niliyoyafanya. Nimesomewa, na nakiri ni maneno yangu.

(Sahihi) G. Trembath

Maelezo ya afisa: Nimeyapokea na kumsomea shahidi. Polisi wa Tasmania walipigiwa simu saa tano na nusu. Saa nane mchana wamejibu: nyumba imefungwa, kuku wana maji na chakula cha siku kadhaa, mkazi hayupo. Weir anatafutwa. – Konstebo Mwandamizi S. Dissanayake

Nyongeza, Ijumaa 13 Juni, saa mbili asubuhi: Shahidi amepiga simu kusema kuna andiko jipya. Polisi wa Tasmania wamethibitisha kwamba mwandishi amezungumza nao na yuko salama kwingine. Nilimwomba shahidi nakala ya kuweka kwenye jalada. Alisema hajaihifadhi na hataihifadhi, ila alikubali kunisomea. Lilikuwa na mistari miwili, bila kivuko wala mikate:

"13 Juni. Asubuhi kavu, upepo kidogo.
Nimelala saa kumi alfajiri."