Sauti Ilijishusha Yenyewe, Nikamsingizia Akongo

Shangazi Roselyn, nisaidie kabla sijaaibika zaidi, mimi ndiye fundi wa sauti katika kanisa letu hapa Busia, upande wa Kenya, na kompyuta ya mezani tunayochezea nyimbo imenitesa miezi miwili sasa, sauti inashuka yenyewe hadi inakuwa mnong'ono, halafu inapaa ghafla hadi spika zinatetemeka, nimebadilisha waya, nimebadilisha spika, hata nimeiombea hiyo mashine, wapi.

Mwezi jana tulimzika Mwalimu Mangeni, naye kabla hajafa alikuwa amejirekodi akiiaga familia, mjane wake akaniomba niicheze rekodi hiyo kanisani, na binti yao Patience, aliye kazini Doha, alikuwa afuatilie ibada kwa simu ya video kupitia kompyuta hiyohiyo, basi mzee alipoanza tu kumtaja Patience, simu ya Patience ikaingia, sauti ikazama, watu wakaita "Hatusikii!", nikafungua amplifaya hadi mwisho, mtandao ukasumbua simu ikakatika, na sauti ya marehemu ikalipuka, mjane akaanguka kutoka kwenye kiti, na wengine huko nyuma wakacheka.

Shangazi, aibu ilinishika, nikamnyooshea kidole Akongo, mama anayetoka Sikuda, ng'ambo ya mpaka, Uganda, ambaye hukaa kando yangu akibadilisha maneno ya nyimbo yanayoonyeshwa ukutani, nikasema yeye ndiye amegusa sauti, naye akasema tu, "Mimi naguza nini? Mkono yangu yote iko na kitabu ya nyimbo," lakini wazee wa kanisa walinisikiliza mimi, wakamwambia apumzike, akavuka kurudi kwao na hatujamwona tena, na Jumapili mbili zilizofuata mambo yakawa yaleyale, simu ya waumini wa nje ikiingia sauti inashuka, ikikatika inapaa, na kando yangu hakuna mtu. Nitaitengenezaje kompyuta hii bila watu kujua kwamba haikuwa Akongo?

Oundo, Busia

Oundo,

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali unapouliza Akongo yuko hali gani. Hakuna. Umeuliza hali ya kompyuta.

Haya, tuanze na kompyuta, maana hiyo ndiyo rahisi. Jibu umeliandika mwenyewe na hukuliona: simu ikiingia inashuka, ikikatika inapaa. Fundi gani wewe? Mashine imewekwa ipunguze sauti nyingine zote kila inapopokea simu, ili anayeongea asikike. Fungua mipangilio ya sauti, tafuta sehemu ya mawasiliano, na hapo utakuta imechaguliwa kupunguza, pengine kwa asilimia themanini. Chagua isifanye lolote, kisha uhifadhi. Cheza wimbo, mtu akupigie kupitia kompyuta hiyo, usikilize. Ni kazi ya dakika tano, na wewe umekesha ukiiombea mashine! Na siku sauti ikizama tena, usirukie amplifaya kama mtu anayezima moto. Angalia skrini kwanza.

Najua si jambo dogo mashine kukugeuka mbele ya waombolezaji. Ingempata yeyote. Lakini ulikuwa na nafasi ya kusema, "Samahani, nimeshindwa," ukaona heri umsingizie mama asiye na ndugu hapo kanisani wa kumtetea. Ulijua wazee watamwamini mtu wa nyumbani kabla ya mtu wa ng'ambo. Usiniambie ilikuwa aibu. Ulikuwa woga, na bado ni woga, maana Jumapili mbili umekaa na ukweli mdomoni ukiendelea kucheza nyimbo.

Rekodi ya Mwalimu mtumie Patience leo, yote, ayasikie maneno ya baba yake. Jumamosi vuka uende Sikuda, ufuatane na mmoja wa wazee waliomwondoa Akongo, umwambie ana kwa ana kwamba ulimsingizia. Jumapili, kabla ya mahubiri, shika kipaza sauti ulirudie neno hilohilo mbele ya kanisa zima. Usiseme "labda", usimtaje shetani, na usianze kuwaeleza habari za mipangilio.

Na Akongo akikataa kukusamehe, usipige magoti mlangoni pake wala usilie ili akuonee huruma. Mshukuru kwa kukusikiliza, rudi Busia, na hiyo Jumapili useme vilevile.

Shangazi Roselyn