Samaki Niliyemtia Mkobani Mwako

Baba,

Shikamoo. Najua marehemu haamkiwi hivi, lakini sijapata kuanza mazungumzo nawe bila shikamoo, na leo nina zito la kusema, basi niache nianze nilivyozoea.

Arobaini yako imepita salama. Nyumba yako ya Barking, hapa London, bado inakutafuta. Mwanao Salma anapiga pasi redio ikiwa imezimwa, na mimi, mkweo asiyejua jiko, nimejifunza kupika uji bila madonge. Wiki iliyopita Salma alikuwa anapanga vitu vyako, akakuta kadi ya chama cha wavuvi wa mto Roding, ile yenye picha yako ukiwa na ndevu nyeusi. Akaitazama sana. Kisha akasema, "Baba alikuwa mtu safi. Ila lile la samaki tu." Akairudisha kwenye boksi, na mimi nikaondoka sebuleni.

Siku ile ya samaki nilikuwa nimekuja kuposa, kijana wa Mwanza, hata miezi mitatu London sijamaliza. Hukutaka kunihoji nyumbani. Ulinipeleka mtoni. Na mto wenyewe, nisamehe, mimi niliuona mtaro. Ukanipa fimbo ya kuvulia, ukanionyesha kutundika mnyoo na kutazama boya jekundu. "Usivute kwa pupa, Bwana Rajabu," ulisema. "Hapa samaki haliwi. Tunasalimiana naye, anakwenda zake." Nikadhani unanitania. Lakini kila uliyempata ulilowesha viganja kwanza, ukamtoa ndoano pole pole, ukamrudisha. Kwetu mtu akirudisha samaki ziwani, ndugu zake wanaitana kikao.

Ulipokwenda nyuma ya vichaka kusali adhuhuri, boya langu likazama. Alikuwa sangara wa Kiingereza, mdogo kwa sangara wetu lakini kilo nzima na ushee, mistari ubavuni, mapezi mekundu. Nikawaza nitaingiaje kwa mama mkwe mikono mitupu, na huyu nimemrudisha majini. Nikamfunga gazetini. Sikuwa na mfuko, nikamtia kwenye mkoba wako, chini ya chupa ya chai, nikijua tukifika nyumbani utafurahi.

Hatukufika. Getini msimamizi wa chama, yule Mwingereza mrefu mwenye kofia ya sufu, aliona mkia umechungulia. Akauliza mkoba ni wa nani. Ulifungua, ukaona, ukanitazama mara moja tu. Ukamwambia kwa Kiingereza chako cha taratibu kwamba ni wako, unampelekea mke wako. Mimi nilisimama pale na ulimi wangu mzima mdomoni.

Ulitoka Unguja baada ya Mapinduzi na koti la kuazima. Ulinieleza mwenyewe kwamba kadi ile ilikuwa karatasi ya kwanza ya nchi hii kukuita mwanachama wa kitu chochote. Wiki iliyofuata ikaja barua ya kukufukuza chamani. Salma aliisoma mbele yetu sote. "Baba, umetuaibisha. And in front of a guest." Mgeni nilikuwa mimi, na kikombe cha chai mkononi. Ukamjibu, "Kweli, mama. Nimekosea."

Nikangoja uniseme. Hukunisema siku ile, wala baada ya ndoa, wala wajukuu walipozaliwa. Ukahamia kwenye bwawa la bustani, ambako watu huwatupia bata mikate, na ukawa unatuambia kwamba pale ni karibu zaidi.

Jumamosi nilikwenda chamani. Nilianza na Waingereza kwa sababu kwao ilikuwa rahisi, nakiri. Msimamizi yule bado yupo, sasa anatembelea mkongojo. Nikamweleza yote. Akaniambia walijua tangu siku ile kwamba si wewe, kwa kuwa miaka yako yote pale hukuwahi kumpata samaki wa ukubwa ule. Ulipokiri, kanuni iliwalazimu kukufukuza; baadaye walikuita urudi, ukakataa. Ulisema ukirudi watu watauliza ni nani basi aliyemchukua samaki, na nyumbani kwako kuna harusi. Nilicheka, Baba. Halafu nikashindwa kufika kituo cha basi. Nikakaa kwenye ukuta wa nyumba ya watu nikilia, mtu mzima na mvi zangu.

Jioni nikamwambia Salma. Nilikuwa tayari kwa hasira, nilizistahili. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Pale hospitali nilimwomba radhi kwa kila kitu, Rajabu. Kila kitu. Hilo sikuliomba, because I thought I was right." Akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Hajanifokea mpaka leo, na hilo ndilo linaloniumiza. Miaka yote nilijua nimekuharibia jina wewe. Kumbe niliyemdhulumu zaidi ni yeye. Nilimnyima nafasi ya kukuomba radhi wakati ungali na sauti ya kumjibu.

Ijumaa tunakuja makaburini. Nakuahidi nitasimama mbele ya Salma na wanao wote na wajukuu zako, niseme kwa sauti samaki alikuwa wa nani. Watoto watanijibu kwa Kiingereza, lakini watanielewa. Baada ya hapo nitasogea pembeni, nimwachie mwanao kaburi lako kwa muda wote anaoutaka.

Pumzika, Baba. Mwenyezi Mungu akupe nafasi pana. Sikuombi unisamehe leo. Msamehe Salma kwanza, mimi nitangoja.

Mkweo,
Rajabu