Jezi ya Bluu Uliyonishonea

Mama,

Shikamoo. Nimeiandika kwa mazoea, halafu nikasubiri kidogo kama vile marahaba yako inakuja. Haiji. Haya, niendelee.

Nyumbani Mwankoko alizeti zimevunwa bila wewe. Baba anakula vizuri, ila bado anakuvutia kiti mezani, kisha anakirudisha. Baada ya matanga ndugu walikaa, wakasema cherehani yako niirithi mimi, nibaki nyumbani nishone, mpira wa wavu nimeshaucheza vya kutosha. Sikubisha, Mama. Nilikuwa nimechoka. Kocha alipiga simu kutoka Dar, nikaiacha iite mpaka ikakata.

Unakumbuka uliponiona kwenye televisheni mara ya kwanza, kwa jirani yetu mama Neema? Wenzangu wote bluu, mimi peke yangu nyeupe. Ulinipigia sijavua hata viatu. "Mwanangu, wamekutenga? Au jezi ziliwaishia?" Nikacheka, nikasema nitakueleza, simu ikakatika. Wewe nawe hukusubiri maelezo! Wiki haikuisha, basi likaleta kifurushi: jezi ya bluu, namba saba mbele na nyuma, mshono wa mara mbili kwapani kwa sababu nguo zangu tangu utoto huchanikia hapo. Na chupa ya asali ya kumlainisha kocha. Wenzangu chumba kizima walicheka hadi machozi, kisha kila mmoja akataka kuijaribu.

Ndipo nikakueleza kwamba mimi ni libero. Kwamba libero lazima avae rangi tofauti na wenzake, mwamuzi amwone anapoingia na kutoka, na kazi yake ni kuokoa mipira isiguse chini. Ukauliza, "Kwa hiyo hupigi hata mmoja? Unawaokolea tu wenzio ndio wapige?" Nikasema ndiyo, Mama. "Basi hiyo ni kazi. Iheshimu." Ila jezi ulikataa nikurudishie. Ulisema nilalie.

Nikalalia kweli. Hata hospitalini, kwenye mkeka chini ya kitanda chako, nilikuwa nayo.

Sasa sikia. Mwezi uliopita nilikuwa napiga deki sebuleni, Zuhura akapiga. Yule mwenzangu wa chumbani, uliyemwita mwembamba. "Dada, mfadhili mpya kaleta jezi. Njano tupu! Ya libero wamesahau, ile nyeupe ilishachakaa, na libero mwenyewe hayupo. Tunachezaje?" Nikajitazama. Nilikuwa nimevaa ile ya bluu, imelowa maji ya ndoo. Nikaketi kwenye kiti chako cha cherehani nikalia, Mama, kilio ambacho msibani kilikataa kutoka.

Baba alinikuta hapo. Nilimweleza yote huku nikivuta kamasi. Aliushika mkono wa ile jezi, akaitazama mishono yako. Akasema, "Mama yako hakuishona ya kupigia deki." Kesho yake alinisindikiza stendi, na ndugu akaongea nao mwenyewe.

Jana tumecheza. Mwamuzi aliikagua jezi yako, akanigeuza, akaangalia namba, akaitikia kwa kichwa. Tulifungwa, nisikudanganye. Lakini kuna mpira mmoja ulikuwa umeshakufa, watu wameshaanza kushangilia upande wa pili, nikaruka, nikauinua kwa ncha za vidole kabla haujagusa chini. Zuhura akaumalizia. Nilipoinuka nikatazama jukwaani kukutafuta. Inauma, Mama. Inauma sana.

Uliishona ili nifanane na wenzangu. Wao sasa njano, mimi bluu, nimekuwa peke yangu tena. Ila safari hii mtu akiniuliza kama nimetengwa, ninalo la kumjibu.

Cherehani yako tumeifunika kwa kitenge chako cha zambarau, isiingie vumbi. Nakuahidi nitacheza mpaka goti liseme basi, ndipo nije kukaa kwenye kiti chako. Jezi ikichanika kabla ya hapo, nitaishona mwenyewe.

Lala salama, Mama. Jana nimeifua nikaikagua. Kwapani haijaachia hata uzi mmoja.

Mwanao,
Namba Saba